Nia Njema Haitoshi: Amana ya Kumpa Mwenzako Dawa



Ndugu zangu, hapa kwetu Gisenyi ni kawaida mtu akilalamika homa kuambiwa: "Chukua vidonge hivi, mimi vilinisaidia." Anayevitoa anataraji thawabu. Swali langu ni hili: aliyepewa akidhurika, je, nia njema inamwondolea mtoaji dhamana?

Tuchukue mfano wa ugonjwa wa miastenia gravisi. Kinga ya mwili hushambulia mahali neva inapokutana na msuli, hata amri ya kusogea isifike vizuri. Kope huteremka, macho huona kitu kimoja kama viwili, kumeza huwa kazi, na hali ikizidi misuli ya kupumua nayo huchoka. Udhaifu huongezeka msuli ukitumika na hupungua ukipumzika. Kwa hiyo mgonjwa huweza kudhaniwa mvivu, au kwamba anasinzia darasani.

Mtu huyu anaweza kudhuriwa na dawa ambazo kwa wengine ni za kila siku: sindano ya jentamisini, vidonge vya siprofloksasini au azithromaisini, kwinini ya malaria, propranololi, na magnesiamu ya kudungwa mshipani. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito kuhusu wagonjwa hawa liandikwe kwenye dawa za jamii ya siprofloksasini. Lakini onyo hilo halimfikii anayepewa vidonge viwili vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi.

Wapo watakaosema kwamba amali hulipwa kwa nia. Ni kweli. Lakini tukumbuke kisa alichosimulia Jabir (r.a.) katika Sunan Abi Dawud. Mtu mmoja safarini alipasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu, wakamwambia hana ruhusa hiyo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali, akasema wao ndio waliomuua, na kwamba asiyejua tiba yake ni kuuliza. Wale hawakuwa na chuki na mwenzao. Walikosa elimu, na wakajibu.

Katika kitabu hichohicho imepokewa kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana. Nionavyo mimi, hapa kuna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa: nia inahusu thawabu, dhamana inahusu madhara. La kwanza halifuti la pili.

Na mgonjwa je? Kuficha maradhi yake mbele ya wasengenyaji ni haki yake. Kuyaficha mbele ya anayetaka kumdunga sindano ni kujitia katika maangamizi, jambo tulilokatazwa katika Suratul Baqara, aya ya 195. Aandike jina la ugonjwa na dawa anazotumia kwenye karatasi, akae nayo popote aendapo.

Hata hivyo, hofu isimfanye akatae kila dawa. Maambukizi yasiyotibiwa nayo humwangusha. Daktari anayeujua ugonjwa anaweza kupima madhara mawili, akachagua lililo jepesi na kumwangalia kwa karibu. Wala asijiachishe dawa zake kwa sababu ya Ramadhani. Piridostigmini hufanya kazi kwa saa chache tu, na akiiruka huenda ikifika futari ashindwe kumeza. Aya ya 184 na 185 za sura hiyohiyo zimempa mgonjwa ruhusa. Sisi ni nani wa kumwonea haya anayeitumia?

Basi, kabla hujampa mwenzako kidonge, muulize: Una ugonjwa gani? Unatumia dawa gani? Nani amekupima? Ukikosa jibu, sadaka iliyo bora ni kumsindikiza kituo cha afya.

Wabillahi tawfiq.