Je, Kiraka Hana Thamani?



Nyumbani, mchezaji anayeweza kupangwa nafasi yoyote uwanjani tunamwita kiraka. Ni sifa, lakini jina limetoka kwenye nguo: kiraka hushonwa pale palipotoboka. Wengi wetu hapa Jeppestown ndivyo tunavyoishi. Leo kibarua cha ujenzi, kesho kupakua mizigo Jules Street, keshokutwa kusubiri simu. Tujiulize basi: mtu wa kuziba pengo ana thamani gani?

Tumtazame Gift Ngoepe. Alikulia Randburg, kaskazini mwa jiji letu hili, katika chumba cha klabu ya besiboli ambako mama yake alifanya kazi. Mwaka 2008 alisajiliwa na Pittsburgh Pirates ya Marekani, akazunguka kwa zaidi ya miaka minane katika timu za madaraja ya chini. Tarehe 26 Aprili 2017 aliitwa ligi kuu, akawa mzaliwa wa Afrika wa kwanza kuicheza. Mara yake ya kwanza kushika gongo, aliupiga mpira akafika kituo cha kwanza salama. Msimu ule alicheza mechi 28, leo nafasi hii, kesho ile, kisha akarudishwa chini. Mwaka 2018 akacheza 13 na Toronto Blue Jays.

Miaka yote ile kwa mechi 41! Wapo watakaosema alipoteza muda. Sisi hatuoni hivyo. Aliitwa, akakutwa yuko tayari. Kazi iliyofanywa vizuri haipungui kwa sababu aliyeifanya hakukaa sana.

Lakini tusilifanye neno hili kisingizio. Utayari ni wema wa anayeitwa. Haumfutii deni yule anayeita. Kati yetu wapo wanaoitwa kila penye msiba wapike, kila penye mgeni watafsiri, na siku ya kuamua mambo hawaulizwi. Wapo pia wenzetu wenye vibanda wanaomtumia kijana asiye na karatasi kutwa nzima, jioni wakamwambia "njoo kesho" badala ya kumlipa. Huyo hakuwa kiraka, ameibiwa.

Kiraka kikishashonwa, ni nguo. Wiki hii kila nyumba imkumbuke mtu mmoja anayeziba mapengo yetu: imlipe anachodai, na kwenye kikao kijacho imwekee kiti.

Jumapili njema.