Mali ya Mke Aliyekopa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu, mtu mmoja aliniuliza baada ya darasa: "Maalim, mke akikopeshwa mtaji wa biashara, je, huo si mlango wa ugomvi nyumbani?" Nami nikamwuliza: "Mtaji huo ni mali ya nani?" Akanyamaza.

Jueni ya kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii mali ya mke ni yake. Mume hana haki nayo ila kwa ridhaa ya mwenyewe, na nafaka i juu ya mume hata mke akiwa tajiri. Basi vipi mtu humpiga mkewe apate kumnyang'anya fedha alizokopa, kisha deni likabaki shingoni mwa mke? Hii ni dhuluma juu ya dhuluma. Huko Bangladesh, katika miaka ya 1990, wachunguzi walikuta mikopo mingi ya wanawake imo mikononi mwa wanaume.

Lakini tazameni vijiji vya Limpopo, Afrika ya Kusini. Tangu mwaka 2001 wanawake maskini walikopeshwa mitaji midogo, na katika mikutano ya kulipa wakasomeshwa habari za haki zao, za kupigwa majumbani, na za ukimwi. Baada ya miaka miwili, waliopigwa na waume zao walikuwa wachache kuliko nusu ya kadiri ya vijiji ambavyo havijapata mambo hayo. (Habari ya riba ina mlango wake. Sisi tuna kardhi hasan, nayo tumeiacha; aibu ni yetu.)

Nawe uliyetwaa fedha za mkeo kwa nguvu, mrudishie leo, kabla siku yake ya kulipa haijafika, na umtake radhi.