Zakayo Alitaja Kiasi

Kila mkesha wa mwaka mpya tunaisikia ahadi ile ile, na mara nyingi tumeitoa sisi wenyewe: mwaka huu nitakuwa mtu mwema zaidi. Ni ahadi nzuri, ila haina pa kushikia. Mwema kwa nani? Zaidi kwa kiasi gani? Ifikapo Kwaresima hakuna awezaye kutudai, kwa kuwa hatukutaja kitu cha kudaiwa.

Zakayo alitaja. Katika Luka 19 mkuu huyo wa watoza ushuru hasemi kwamba moyo wake umeguswa. Anasema nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliyemdhulumu. Torati ilimtaka mtu aliyeungama kosa lake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Kondoo wanne kwa mmoja yalikuwa malipo ya mwizi aliyekwisha kumchinja au kumuuza kondoo wa watu (Kutoka 22:1). Zakayo alijipimia kwa kipimo cha mwizi. Wapo wafasiri wanaosema kwamba, kwa kuwa vitenzi vya Kiyunani hapo viko katika wakati uliopo, alikuwa anaeleza desturi yake ya siku zote. Hatukubaliani nao, maana katika jibu lake Bwana anasema wokovu umeifikia nyumba ile leo, si zamani.

Hapa Mlutheri makini atainua mkono. Je, hatukufundishwa kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, pasipo matendo? Swali hili lisipuuzwe. Hatua za kujirekebisha huweza kugeuka kuwa Sheria nyingine: ukizishinda unajivuna, zikikushinda unakata tamaa. Luther mwenyewe, alipokuwa mtawa wa Kiaugustino, aliipita njia hiyo kwa bidii kuliko wengi wetu. Alifunga, alikesha, akaungama kwa saa nyingi hata akamchosha Johann von Staupitz, mlezi wake wa kiroho, na amani hakuipata. Lakini tuutazame mpangilio wa Luka. Yesu anamwita Zakayo kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, anajialika nyumbani kwake, na watu wananung'unika kabla senti moja haijarudishwa. Ugeni ule haukununuliwa. Hesabu zinakuja baadaye, kutoka kwa mtu aliyekwisha kupokelewa na ambaye sasa hana sababu ya kuficha daftari lake.

Ndiyo maana Luther yule yule aliyefundisha neema aliandika, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Na katika Katekisimo Ndogo, anapojibu tuungame dhambi zipi, hatuachi tukielea hewani. Anatutuma tuitazame nafasi yetu kwa mwanga wa Amri Kumi. Wewe ni baba, mama, mtoto, bwana, mtumishi? Umekuwa mvivu, umekosa uaminifu, umemuumiza mtu kwa maneno? Tumewakaririsha wanafunzi wa kipaimara maneno hayo miaka mingi. Kukariri ni rahisi.

Asubuhi moja hapa chuoni tulihubiri juu ya upole. Kabla ya saa nne tulikuta lango limefungwa, tukiwa tumechelewa kikao, na tukamfokea mlinzi mbele ya wanafunzi. Ni mzee wa umri wa baba zetu. Hata shikamoo hatukumpa. Baadaye tukajua kwamba alikuwa ameagizwa afunge.

Tulisali juma zima tukiomba unyenyekevu. Hatudharau sala, lakini tukiri kwamba zile zilikuwa namna ya kulikwepa lango. Mungu tulimwendea upesi kwa sababu hatukulazimika kumtazama usoni. Yule mzee aliendelea kutufungulia akiwa ameinamisha macho. Mwishowe tulimwendea. Tulikuwa tumejiandaa kusema, "Kama kuna mahali nimekukosea," na tunashukuru kwamba maneno hayo yalitukwama, maana hakukuwa na "kama". Tukasema, "Shikamoo mzee wangu. Jumatatu nilikufokea mbele ya watu kwa kosa lisilo lako. Naomba unisamehe."

Akaitika marahaba, akanyamaza kidogo. "Nimekusamehe, Baba Mchungaji. Ila wale vijana bado wananicheka."

Hapo ndipo tulipojua kwamba tulikuwa tumelipa pungufu. Tulimdhalilisha hadharani, tukaja kumlipa faraghani. Ilituchukua siku nne zaidi, na usiku wa pili kati ya hizo tulijiridhisha kabisa kwamba kusema mbele ya wanafunzi kungeishusha heshima ya ofisi ya kichungaji. Ajabu jinsi teolojia inavyokuja upesi mtu anapotafuta pa kujificha! Siku ya tano, baada ya ibada, tuliwaomba wanafunzi wabaki, tukamwita mzee, tukasema mbele yao tulichomtendea na kwamba yeye alikuwa sahihi. Haikuchukua dakika mbili.

Tukiulizwa basi mtu aanzie wapi, hatuna zaidi ya haya. Ataje kosa moja kwa sentensi moja yenye jina la aliyekosewa. Amwendee huyo, amwulize kilichobaki, kwa sababu mdaiwa si mwandishi mzuri wa hati ya deni. Alipe mahali pale pale alipoharibu. Kisha usiku asali na kulala. Luther anaagiza katika maombi ya jioni ya Katekisimo kwamba tukiisha kuomba msamaha tulale mara moja kwa furaha, agizo ambalo wachungaji wengi tunalivunja.

Juma lililofuata tulichelewa tena, na lango lilikuwa limefungwa tena. Hasira ilipanda ile ile, haikupungua hata kidogo. Tukazima gari, tukashuka, tukamwamkia mzee, tukasubiri.