Kura ya hasira ni nusu ya adhabu



Ndugu zangu Waislamu, kila unapokaribia uchaguzi wa serikali za mitaa, huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam husikika neno moja barazani, kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya daladala: "Safari hii tutawakomesha!" Anayekusudiwa ni chama kikubwa. Kosa lake ni mtaro ulioziba, taka zisizozolewa, na mwenyekiti wa mtaa anayetaka "chochote" ndipo agonge muhuri kwenye barua yako.

Hasira hiyo si ngeni. Temeke, katika uchaguzi mdogo wa mwaka 1996, iliinyima CCM kiti cha ubunge ikampa Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Desemba 2014 mitaa mingi ya jiji ilikwenda upinzani. Mwaka 2015 Temeke ikamchagua Abdallah Mtolea na Kinondoni ikamchagua Maulid Mtulia, wote wa CUF. Manispaa ya Kinondoni nayo ikapata meya wa CHADEMA, Boniface Jacob.

Je, Uislamu unakataza adhabu hii? Hapana. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Allah (SW) anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaostahiki. Mtume (SAW) alimuonya Abu Dharr (RA) kwamba uongozi ni amana, na kesho Akhera ni majuto kwa asiyeutekelezea haki yake. Kumnyima kura aliyekhini amana si fitna.

Lakini tukishawakomesha, kisha iweje? Nianze na nafsi yangu. Mwaka 2014 nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu. Nilipanga foleni nikampigia kura mtu nisiyemjua tabia wala amali zake. Nilichojua ni kwamba hakuwa wa chama kile. Alishinda, tukashangilia. Miaka mitano iliyofuata sikuhudhuria mkutano wa mtaa hata mmoja. Mtaro ukabaki vile vile, na "chochote" ikarudi. Siku moja, baada ya Swala ya Alasiri, nikawa namlalamikia mzee mmoja msikitini. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulimnasihi lini?" Sikuwa na jibu.

Na majimboni yalikuwaje? Desemba 2017 Mtulia alijiuzulu akahamia CCM, na Februari 2018 akarudi bungeni kwa tiketi ya chama kile kile kilichoadhibiwa. Siku hiyo waliojitokeza kupiga kura Kinondoni walikuwa wachache mno ukilinganisha na waliojiandikisha. Mwishoni mwa mwaka huo Mtolea naye alihama, akapita bila kupingwa. Adhabu ya maelfu ya watu ikafutwa na barua mbili za kujiuzulu.

Wapo wanaosema kura haina maana tena. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa na vyama vyao vikuu vikajitoa. Mwaka 2024 CCM ilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Sidharau kauli yao, kwani kumzuia mtu haki yake ni dhulma, na dhulma ni giza Siku ya Kiama. Ila mkutano wa mtaa upo. Kuuliza mapato na matumizi hakuhitaji kadi ya chama. Sayyidna Abubakar (RA), aliposhika ukhalifa, aliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Hakuwaambia wasubiri miaka mitano.

Ndugu zangu, kura ni ushahidi. Aya ya 135 ya sura hiyo hiyo inatutaka tusimamie uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Allah, hata dhidi ya nafsi zetu. Basi tusimchague mtu kwa kuwa tu amemchukia tunayemchukia. Tumjue. Akishinda tumfuate mkutanoni, tumuulize kwa adabu, na asipojibu tumuulize tena. Ambaye hafanyi hivyo amemkomesha mmoja na kumpa mwingine nafasi ya kukhini.

Mimi nimeanza kuhudhuria. Mtaro wetu bado haujazibuliwa, lakini sasa swali langu limo kwenye muhtasari wa kikao, na mwenyekiti anajua nitarudi.

Wabillahi tawfiiq.