Kutojua kwa Asiyetaka Kujua

Swali lilizuka katika darsa yetu, nalo likatushughulisha kuliko mas'ala mengi. Mtu ana kisima karibu na jaa la mji. Maji yake ni maangavu, hayanuki, na ladha yake ni njema. Ameyanywa miaka, akamnywesha na mtoto wake, kisha ikabainika kuwa yana sumu iliyotoka jaani. Je, nani wa kulaumiwa? Baadhi ya wenzetu walisema kuwa hapana wa kulaumiwa, kwani hapana aliyejua. Jawabu hiyo yaonekana kuwa ya upole, lakini sisi twaiona ni mlango wa dhuluma.

Kutojua ni namna mbili. Kuna kutojua kwa yule asiye na njia ya kujua, na huyu ana udhuru. Na kuna kutojua kwa yule ambaye njia iko mbele yake naye akageuza uso, kwa kuchelea gharama au kwa kuchelea jawabu. Huyu hakukosa ilimu, bali aliikimbia, na dhara likitokea ana sehemu yake.

Na tutazame mambo yenyewe. Mvua inaponyesha juu ya jaa, maji hupenya katika taka, yakachukua uchafu wa vilivyooza, na chumvi, na madini ya betri na rangi, yakashuka mpaka yakachanganyika na maji ya ardhi. Penye udongo mzito wa mfinyanzi safari hiyo ni ya polepole. Lakini sehemu kubwa ya mji wa Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye matundu na nyufa, na maji hupita humo upesi pasi na kuchujwa vya kutosha. Nasi twajua kuwa maji ya mfereji yatokayo Mzima, Marere na Baricho hayatutoshi, na nyumba nyingi zategemea visima.

Sote tulifunzwa chuoni kuwa maji mengi hayanajisiki mpaka yageuke rangi, au ladha, au harufu. Hukumu hiyo ni ya haki mahali pake, nayo yahusu tohara. Kosa letu ni kuichukua tukalijibia swali jingine. Maji yaweza kusihi kutawadhia, na yakawa yadhuru kuyanywa. Naitreti, kwa mfano, ambayo hupatikana katika maji yaliyoingiwa na kinyesi au taka zilizooza, haina rangi, wala ladha, wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeiwekea mpaka wa miligramu 50 katika lita moja. Ikizidi sana, damu ya mtoto mchanga anyweshwaye maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo yaweza kushindwa kuchukua hewa, mtoto akageuka rangi na hata akafa. Wala kuchemsha si dawa yake. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti hubakia, na maji yakipungua kwa mvuke yenyewe huzidi ukali. Basi jicho, ulimi na pua, mashahidi watatu tuliowategemea, hapa hawana ushahidi. Hapana budi ila kupima.

Na kupima huku si siri ya wataalamu. Huchimbwa visima vya uchunguzi kuzunguka jaa, kimoja upande yanakotoka maji ya ardhi, na vingine upande yanakoelekea. Cha kwanza chaonyesha maji yalivyo kabla ya kupita chini ya taka, na hivi vingine vyaonyesha yalivyo baada ya kupita. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 1999, ulilazimisha angalau sehemu moja ya kupimia upande wa juu na mbili upande wa chini, na maji yapimwe kabla jaa halijaanza kujazwa. Maana asiyepima kabla ataona taabu kuthibitisha lolote baadaye. Kwetu pwani yataka uangalifu zaidi, kwani chumvi ya bahari nayo huingia visimani. Kwa hiyo chumvi peke yake haitoshi kuwa ushahidi juu ya jaa, bali hutazamwa pamoja na amonia na madini mengine, na hurudiwa kila msimu.

Huko Jackson, katika jimbo la New Jersey, Marekani, mji ulifungua jaa mwaka 1972. Ilipofika 1978 watu wa mtaa wa Legler wakaambiwa waache maji ya visima vyao. Watu 339 wakaushitaki mji wao, na mwaka 1987 mahakama ya juu ya jimbo ikathibitisha kuwa walipwe gharama za kuangaliwa na waganga, hata wale wasioonyesha ugonjwa wowote. Mji ambao haukuyalinda maji ulilipishwa gharama ya kuchungua miili ya watu.

Wala fikra hii si ngeni kwa Waislamu. Majalla, sharia ya dola ya Uthmaniya iliyokamilishwa mwaka 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, yakiwekea kisima harimu ya dhiraa 40 kila upande. Nayo yaamuru kuwa shimo la uchafu linaloharibu kisima cha mwengine liondolewe dhara lake, na lisipoondoleka, shimo lifukiwe. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 70, yasema kuwa mwenye kudai haki ya mazingira safi halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyekwisha dhurika. Basi hatuambiwi tungoje jeneza.

Jaa la Kibarani lilifungwa mwaka 2018, na miti ikapandwa. Hilo ni jema. Lakini taka iliyozikwa yaendelea kutoa uchafu miaka mingi, na huko Marekani kanuni zataka jaa liangaliwe miaka 30 baada ya kufungwa. Na ndugu zetu wa Mwakirunge, ambako taka za mji zimekuwa zikipelekwa, wana haki ya kuuliza maji yao yapimwa wapi, mara ngapi, na hesabu zake zabandikwa wapi. Hatusemi kuwa maji yao yameharibika. Twasema kuwa asiyepima hana haki ya kuwaambia kuwa ni salama.

Watasema wengine kuwa khabari mbaya zitashusha bei ya viwanja. Twajibu kuwa kila mfanyabiashara Mwislamu ajua hukumu ya kuuza kitu na kuificha aibu yake. Na mwenye kuuza kiwanja chenye kisima asichotaka kipimwe, yu karibu sana na hukumu hiyo.

Lakini tusiinyoshee serikali kidole tukajisahau. Taka zile ni zetu, na vyoo vya shimo tulivyochimba hatua chache kutoka visimani ni vyetu. Na kila mtaa uchange, ukipime kisima chake baada ya masika, na jawabu ibandikwe mlangoni mwa msikiti, iwe nzuri au mbaya. Tukifanya hivyo, yule mwenye kisima hatakuwa na haja ya kutuuliza nani wa kulaumiwa, na mtoto wake atakuwa hai.