Mama wa Shaba na Mama wa Musa



Ndugu zangu wanafunzi, muhula uliopita tulionyeshwa darasani picha ya sanamu ndogo ya shaba kutoka Misri ya kale. Mwanamke ameketi, kichwani ana pembe zilizobeba duara la jua, na mapajani amempakata mtoto anayemnyonyesha. Ni Isis na mwanawe Horus. Sanamu hizo zilitengenezwa kwa wingi katika karne za mwisho kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Fundi alifinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akalichoma mpaka nta ikayeyuka, kisha akamimina shaba. Watu walizipeleka hekaluni, wakiomba uhai na ulinzi.

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Likizo nikarudi kwetu Giheke. Shangazi yangu ana miaka tisa katika ndoa na hajajaaliwa mtoto. Siku moja alipoinama kuosha vyombo, nikaona shingoni mwake uzi mweusi wenye kifuko cha ngozi. Akajua nimeona. Akaniambia, "Mwanangu, kila Idi mnaniuliza lini. Hata wewe uliniuliza. Mlitaka niende wapi?"

Sikuwa na jibu. Mtume (s.a.w.) ametukataza hirizi, na hukumu hiyo haibadiliki kwa machozi yetu. Lakini kicheko changu cha darasani kilinirudia kama kofi.

Usiku ule nilimsomea Suratul Qasas. Katika nchi ile ile ya Misri alikuwepo mama mwingine mwenye mtoto kifuani. Firauni alikuwa akiwachinja watoto wa kiume wa Bani Israil. Allah akamfunulia mama wa Musa amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia amtie mtoni. Ni mto Nile, ambao baadhi ya maji yake huanzia msitu wa Nyungwe, jirani na kwetu. Mama yule hakubaki na kitu cha kushika mkononi. Moyo wake ukawa mtupu, na Allah ndiye aliyeutia nguvu. Kisha Musa akakataa wanyonyeshaji wote, mpaka akarudishwa kwa mama yake.

Ndugu zangu, haja ya mtoto si dhambi. Nabii Zakariya (a.s.) aliomba mtoto akiwa mzee mwenye mvi. Kosa ni kuipeleka haja kwa kisichosikia: shaba jana, kifuko cha ngozi leo. Na sisi tunaojua hukumu tuna sehemu yetu, tukimsukuma mtu kwa maswali halafu tukamhukumu anapoanguka.

Shangazi aliukata uzi ule mwenyewe, wiki mbili baadaye. Sasa yeye na mumewe wanahudhuria hospitali, na tahajudi hawaiachi. Mtoto bado.

Idi ijayo usimuulize mtu lini. Muombee bila yeye kujua.

Ewe Mola wetu, wape wasiojaaliwa kizazi chema, na uilinde mioyo yao isimtegemee asiyekuwa Wewe. Amin.