Asifuye Mvua Imemnyea: Je, Ushahidi wa Mwenye Kitu Watosha?

Wazee wetu walisema: "Asifuye mvua imemnyea." Maana yake ni kuwa neno la aliyeonja ni bora kuliko neno la aliyesikia. Methali hii ni ya kweli, wala hatukusudii kuivunja. Twataka kuuliza jambo moja tu: je, kila aliyenyewa na mvua huieleza kwa insafu? Na mtu akiulizwa na mwenziwe juu ya kitu alichokinunua kwa fedha yake, ana wajibu gani katika jawabu lake?

Lililotutia katika fikra hizi ni jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulichanga fedha tukanunua televisheni ya kioo bapa, ya inchi 32, tukaitundika ukutani katika chumba tunachokutania. Tuliyokuwa nayo kabla ni ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, na picha yake ilikuwa imekwisha kufifia. Siku ya kwanza ya hii mpya tulistaajabu. Tuliona hata nyuzi za kanzu ya msemaji. Siku zile zile kijana mmoja wa mtaani akatujia, akasema: "Ami zangu, nimeweka akiba nataka kumnunulia mama televisheni. Hiyo yenu mwaionaje?" Tukamjibu: "Mwanangu, nunua, hutajuta."

Akanunua ya namna ile ile. Ulipopita mwezi tulikutana naye, akasema kwa adabu, bila ya kutulaumu: "Picha ni nzuri, ami, lakini mama hasikii." Mama yake ni mtu mzima, na masikio yake yamepungua nguvu. Nasi tulilijua hilo! Tangu juma la pili, feni ikiwashwa, tulikuwa tukisogeza viti ili tumsikie msomaji wa habari.

Je, tulisema uongo? La, kila tulilolitamka lilikuwa kweli. Wala hakutuuliza juu ya sauti. Lakini je, tulimpa haki yake? Hapa ndipo penye mas'ala.

Kwanza, tuangalie yale tuliyoyasifu. Tulisema picha ni "ya ubora wa juu". Neno hili si kipimo kimoja cha milele. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipoanza matangazo ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, picha zilikuwa na mistari 240 kwa mtambo mmoja na 405 kwa wa pili. Nazo ziliitwa za ubora wa juu. Leo jina hilo hupewa picha yenye nukta 1280 kwa 720, na ile iitwayo kamili ina nukta 1920 kwa 1080. Televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768. Yaani 1,049,088 kwa jumla, takriban nusu ya zile 2,073,600 za iliyo kamili. Basi asemaye "ni safi" yampasa aseme ni safi kuliko nini. Sisi tulikuwa tukiilinganisha na kikongwe.

Na hiyo sauti, sababu yake ni dhahiri kwa mwenye kuzingatia. Sanduku likiwa jembamba, spika zake huwa ndogo, na mara nyingi huelekezwa chini au nyuma, hata sauti ikapiga ukuta kabla ya kufika sikioni. Wembamba ule ule tulioupenda ndio ulioila sauti.

Kwa nini, basi, mwenye kitu hupinda katika ushahidi wake? Twaona sababu tatu. Ya kwanza, fedha ikisha kutoka mkononi, nafsi hutaka kuambiwa kuwa ilitoka kwa haki. Kukiri aibu ya kitu ni kukiri kosa la mnunuzi. Ya pili, mtu hushuhudia furaha ya siku ya kwanza akadhani ameshuhudia kitu chenyewe. Ya tatu, aulizaye huwa amekwisha kupenda, nasi huona haya kumvunja moyo.

Wala mwenye kulaumu hakusalimika. Tangu matangazo ya njia ya zamani yalipozimwa nchini Kenya mwaka 2015, wako walionunua kioo kipya, wakakiunganisha na king'amuzi kwa waya ule wa vichwa vitatu, manjano, nyeupe na nyekundu, ambao hauwezi kuchukua picha ya ubora wa juu. Kisha wakatangaza mtaa mzima kuwa televisheni ni mbovu. Wengine huivuta picha iliyofanyiwa kioo cha umbo la zamani mpaka ijae kioo kipana, nyuso zikanenepa, na lawama akatwikwa muuza duka. Huyu naye amedhulumu, ijapokuwa mvua imemnyea kweli.

Huenda mtu akasema: "Mnunuzi ana macho, naaende dukani akatazame mwenyewe." Twamjibu: dukani televisheni huwekwa kama bibi arusi siku ya kutolewa. Mwangaza wake hupandishwa, rangi zake hukolezwa, na huonyeshwa picha zilizochaguliwa kwa kazi hiyo. Hapana feni pale, wala watoto, wala mtu aketiye pembeni akaona rangi zimepauka. Yajulikanayo kwa kukaa na kitu hayajulikani kwa kukitazama robo saa. Kijana yule hakuja kutuuliza aliyoweza kuyaona dukani. Alikuja kutaka yale tuliyoyajua sisi tu. Tulipoyanyamazia, tulimnyima kile hasa alichokijia.

Na mwingine atasema: "Basi nitaje kila aibu?" La, hilo halimalizi, na huenda likamchosha mwenye kuuliza. Twaona wajibu wa mwenye kuulizwa ni kuuliza kwanza: Ni ya nani? Itakaa chumba gani? Ataketi wapi, na umbali gani? Lau tungemuuliza kijana neno moja tu, "Mama yako hali yake vipi?", sauti ingejitaja wenyewe. Upungufu ulio mdogo kwetu ndio uliokuwa mkubwa kwa mama yule, nasi hatukumtia katika hesabu yetu.

Tulikwenda kwa kijana tukamtaka radhi, tukachangia spika ya nje, ikaunganishwa, na mama sasa anasikia. Hatulitaji hili kwa kujisifu; ni deni tulilolipa, na tulilipa baada ya wakati wake. Tumelitaja ili ndugu zetu wajue kuwa neno jepesi lililotolewa barazani laweza kumgharimu maskini akiba ya miezi.

Methali basi ibaki kama ilivyo, lakini tuitimizie haki yake. Aliyenyewa na mvua na aisifu. Ila aseme pia alikuwa amesimama wapi, na ilimnyea muda gani. Na kabla ya kusema lolote, amtazame aulizaye: je, ana mwavuli?